Ng'ombe Wasio na Mwenyewe: Rufaa Yangu ya Viza Kupitia Kolo

Akina mama wenzangu wa kwaya, mmekuja kwangu mara tatu tangu nirudi, na mara zote mmeniuliza kuhusu theluji. Niimalize hapa hapa. Ni nyeupe, ni baridi, na inateleza kuliko tope la Miyuji. Sasa niacheni niwaeleze safari yenyewe, kwa sababu kufika ng'ambo ni kukaa kitini na kuletewa chakula, lakini kuruhusiwa kufika kulinipitisha Kolo, na Kolo ndiko kulikonichosha.

Miyuji

Mnajua binti yangu Ester yuko huko na mumewe. Mimba ya kwanza iliharibika akiwa peke yake hospitalini, mume yuko kazini zamu ya usiku, na mimi niko hapa naambiwa kwa simu nitulie. Ya pili ilipofika miezi sita nikasema hii hainipiti, nikaomba viza. Majibu yalikuja ya kunikataa, kwa adabu kubwa. Walisema hawakuona kwamba nina kitu cha kunirudisha nyumbani.

Nilikasirika siku mbili. Mwalimu mstaafu mzima, nikajifiche wapi na magoti haya? Siku ya tatu nikatulia, nikasoma nakala ya fomu niliyojaza kwa msaada wa dada wa steshenari, nikaona kosa ni langu. Aliniuliza, "Mama, una mali gani?" Nami nikamjibu kama anavyojibu mtu yeyote aliyelelewa vizuri: "Mali nitoe wapi, mwanangu? Tunaishi kwa neema tu." Akaandika hakuna. Akauliza nyumba, nikasema ni kibanda cha kujisitiri, na kibanda hakukiandika. Alipofika kwenye mifugo nilicheka. Nani anataja mifugo yake mbele ya watu wanaosubiri fotokopi?

Rufaa ilitakiwa ndani ya siku thelathini, pamoja na ushahidi. Nyumba bado ina jina la marehemu mume wangu. Hati inashughulikiwa, na mnajua jambo likishaanza kushughulikiwa linavyokuwa. Walibaki ng'ombe. Baba Ester alikuwa afisa mifugo Kondoa kwa miaka mingi, na alipohamishiwa mjini aliwaacha ng'ombe wetu kwa rafiki yake, Mzee Shabani, kijiji cha ndani kidogo ukitokea Kolo. Ndivyo inavyofanyika. Ng'ombe wako wanakaa kwa mwenzako, yeye anakunywa maziwa na kuchukua samadi, na wewe unalala ukijua kwamba ukame ukipiga upande mmoja hautakumaliza wote. Hakuna karatasi. Kuna neno la watu wawili, na mmoja wa hao wawili nilikuwa nimeshamzika.

Nilichohitaji ni barua moja ya mtendaji wa kijiji, yenye muhuri, isemayo kwamba ng'ombe hao ni wangu. Nilijipa siku mbili.

Nzuguni, halafu Mayamaya, halafu hakuna

Nilitoka Miyuji alfajiri kwenda stendi ya Nzuguni, upande wa pili wa mji, ili nipande basi ambalo saa moja na nusu baadaye lilipita karibu na kwangu. Nilimwona jirani akifagia uwanja. Nilimpungia, hakuniona.

Mbele ya Mayamaya basi likasimama. Kundi la ng'ombe lilikuwa limelala katikati ya lami, limetulia kabisa, na pembeni alikuwepo mchungaji mwenye mvi akiegemea fimbo. Dereva alipiga honi mpaka akachoka, akatoa kichwa dirishani.

"Mzee, ng'ombe wa nani hawa?"

"Si wangu."

"Si wako na unawachunga?"

"Wa mzee mmoja hivi."

"Huyo mzee yuko wapi?"

"Yuko huko. Lakini naye si wake."

Abiria wakashuka kutoa ushauri. Kila mmoja alijua namna ya kuinua ng'ombe, na kila ng'ombe alikataa namna hiyo. Mama mmoja mwenye ndoo ya alizeti, aliyekaa kiti cha pili kutoka kwangu, hakushuka. "Hata wangekuwa wake angesema si wake," akaniambia. "Ungekuwa wewe ungesema?" Nikamwambia nisingesema. Ningekuwa na akili ningeshuka pale pale nikarudi nyumbani. Badala yake nilinunua mayai ya kuchemsha na chumvi ya kwenye karatasi, tukakaa karibu saa nzima.

Kolo

Kolo nilifika saa tisa alasiri. Pikipiki zote zilikuwa zimepeleka watu msibani, nikaambiwa nisubiri. Nikakaa kwenye benchi la mgahawa ulio karibu na wanapoanzia wageni wanaokwenda kuangalia michoro ya miambani. Nilikuwa na faili la kijani, miwani ya kusomea na viatu vyangu vya mahafali.

Akaja mwongoza wageni, akasimama wima mbele yangu. "Shikamoo mama. Karibu. Tunakutarajia tangu wiki iliyopita." Kabla sijajibu akaanza kunieleza hali ya uzio, vibao vilivyoanguka, na jinsi mbuzi wanavyozuiwa wasisogelee miamba. Nikasema mimi si mkaguzi. Akasema anaelewa, wakaguzi wazuri huwa hawajitangazi. Akaniagizia chai ya maziwa na mandazi mawili, na kwa kuwa njaa iliniuma nilimwacha aendelee na vibao vyake.

Wakashuka kutoka mlimani mke na mume, wageni, wamebabuka kwa jua na wana furaha tele. Wakakaa benchi langu. Walikuwa wanatoka nchi ile ile iliyonikataa. Mwongoza wageni alitutafsiria, ingawa Kiingereza nimekifundisha miaka ishirini na sita, ila hakuniuliza. Nikataka kujua kama viza yao ilisumbua. Wakatazamana. Mume alisema hakumbuki vizuri. Anadhani waliipata uwanja wa ndege, mkewe alipokuwa amekwenda msalani.

Mke akauliza mimi nimekuja kuona nini. Nikasema ng'ombe. Akasema wao wameona twiga waliochorwa zamani sana, na bado wanaonekana. Nikamwambia wangu si wa zamani sana lakini kuwaona itakuwa kazi. Walicheka, wakanipiga picha. Pikipiki ikaja.

Kwa Mzee Shabani

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, shemeji! Karibu, karibu. Habari za Dodoma? Habari za watoto? Habari za mvua?"

Tulisalimiana mpaka vumbi la njiani likanikauka mwilini. Mzee Shabani alikuwa na wageni, wazee wawili wa upande wa binti anayechumbiwa na mwanawe Hamisi. Mkubwa wao ni mjomba wa binti, Mzee Rajabu, mtu mfupi mwenye kofia nyeupe, anayekutazama kama anapima mbao. Tukaletewa ugali wa uwele, mlenda, kuku wa kienyeji na bakuli la mtindi mzito. Nilikula vizuri. Kisha, kwa kuwa siku zangu zilikuwa za kuhesabu, nikasema, "Mzee, nimekuja kuhusu wale ng'ombe."

Mzee Shabani akatafuna polepole. "Ng'ombe gani, shemeji?"

Nyuma yake zizi lilikuwa limejaa mpaka wengine wanatia vichwa nje. Mzee Rajabu akageuka kuliangalia, kisha akaniangalia mimi. Mzee Shabani akasema mvua mwaka huu zinasitasita. Sote tukakubali kwamba zinasitasita.

Baada ya chakula akanichukua pembeni ya zizi. "Walikufa wengi, shemeji. Ule ukame." Ng'ombe mwekundu mwenye doa usoni, ambaye mamake alizaliwa mikononi mwa Baba Ester, akaja kumlamba kiwiko wakati anasema hivyo.

"Mzee, sijaja kuwachukua."

"Hukuja kuwachukua."

"Hapana. Nataka barua tu kwamba ninao. Ya viza."

Nikamweleza. Alisikiliza kwa makini, mikono nyuma. "Serikali ya huko inataka ng'ombe?"

"Inataka kujua kama ninao."

"Iwachukue?"

"Ili iamini kwamba nitarudi."

"Kwa ng'ombe?"

"Kwa ng'ombe."

Akafikiri. "Na watoto wako, kaburi la mumeo Juma, kanisa lako, hivyo hawajauliza?"

Nikasema wameuliza mali. Akatikisa kichwa, kisha akanieleza shida yake bila kuizunguka. Wale wazee walikubali kumtoa binti yao baada ya kuliangalia zizi hili. Miaka yote kijiji kizima kinajua ni zizi la Shabani. Mtendaji akiandika leo kwamba sehemu ni ya mjane wa mjini, kesho asubuhi hata wachota maji watajua, na Hamisi ana miaka thelathini na mbili na ndiyo mara ya tatu kuchumbia. Nilimwonea huruma. Kisha nikamkasirikia, maana ng'ombe ni wangu. Kisha nikamwona Ester amelala peke yake kwenye kile kitanda cha hospitali, nikazidi kukasirika, lakini mdomo ukakataa. Sikuweza kumvunjia mtu nyumba ili nipate muhuri. Nikamwambia yaishe, kesho nitaomba barua ya kawaida tu.

Ofisi ya mtendaji

Mtendaji alikuwa kwenye kikao cha usafi. Aliporudi saa sita, muhuri ulikuwa kabatini, na ufunguo wa kabati alikuwa nao mkewe, na mkewe yuko kliniki. Tulisubiri kwenye benchi sote watatu: mimi, Mzee Shabani aliyenisindikiza, na Mzee Rajabu ambaye alikuwa anaelekea barabarani na hakuona sababu ya kukosa jambo. Ufunguo ulifika saa nane.

"Mwalimu, niandike nini?" mtendaji akauliza.

"Kwamba nafahamika hapa."

"Unafahamika na nani?"

"Na Mzee Shabani."

"Hiyo itakupa viza?"

"Haitanipa."

Alikuwa ameshaanza kuandika. Nilijisikia kulia, nikaangalia kalenda ya ukutani, ilikuwa ya mwaka juzi. Ndipo Mzee Shabani akasimama, akavua kofia, akaishika kwa mikono miwili.

"Mtendaji, andika kweli. Kwangu kuna ng'ombe wa huyu mama. Mumewe aliniachia, nikawatunza, na watu wakasema ni wangu nami nikanyamaza."

Mimi sikuthubutu kumtazama Mzee Rajabu. Mzee Rajabu alikuwa anajichokoa sikio kwa njiti ya kiberiti, na hakuacha.

"Tulijua," akasema. "Nani ana zizi kama lile peke yake? Mimi mwenyewe, nusu ya wale unaowaona ni wa shemeji yangu wa Bereko."

"Wa Bereko?" Mzee Shabani akauliza. "Si ulisema..."

"Nilisema."

Mtendaji akaweka kalamu chini. "Wazee wangu, mkiendelea hivi, mpaka Ijumaa kijiji hiki hakitakuwa na mwenye ng'ombe hata mmoja, na ripoti ya mifugo nimeshaipeleka wilayani."

Lakini Mzee Rajabu hakuwa amemaliza. Alisema kujua ni kujua, ila sasa jambo limetamkwa ofisini, na likishatamkwa lina taratibu zake. Siku ya kutoa mahari, baada ya mavuno, mimi niwepo. Nitaulizwa mbele ya watu kama nina neno juu ya ng'ombe watakaotolewa. "Asipokuwepo hatupokei. Hatuchukui ng'ombe wa mtu aliye ng'ambo."

"Atakuwepo," Mzee Shabani akajibu, kabla mimi sijafungua mdomo.

"Sawa," mtendaji akasema. "Wangapi?"

Wazee wote wawili wakamtazama kama amekohoa kwenye chungu. Ng'ombe hawahesabiwi kwa mdomo. Basi Mzee Shabani akawataja kwa sura: mwekundu mwenye doa usoni; binti yake mwenye pembe iliyopinda; mweusi aliyetoka mnadani na ndama wake dume; yule wa kijivu asiyependa mvua; na kuendelea. Barua ilichukua ukurasa na nusu. Muhuri ulikuwa umekauka, mtendaji akaupulizia pumzi mara tatu, ukatoka upande mmoja.

Dar es Salaam

Dar nilikwenda kwa treni, nimekaa na faili mapajani na kibuyu cha mtindi miguuni, zawadi ya kwa Mzee Shabani. Kusema ningeuacha Miyuji ni rahisi kwa mtu ambaye hajapewa kibuyu na mikono miwili. Mlinzi wa ofisi ya viza alisema vimiminika haviingii. Nikamwambia huu ukiugeuza haumwagiki. Akaomba nisiugeuze.

Ng'ambo ya barabara alikuwepo mama wa mihogo ya kukaanga. Nikamwachia kibuyu, nikaingia.

Ndani kulikuwa na afisa nyuma ya kioo na mkalimani pembeni yake. Sikusema kwamba najua Kiingereza. Kila swali nililipata mara mbili, na katikati nikapata nafasi ya kufikiri. Nawashauri mfanye vivyo hivyo. Afisa aliisoma tafsiri ya barua ya mtendaji kwa muda mrefu. Alikuwa anashusha kidole mstari kwa mstari, midomo inacheza. Nikaelewa anafanya nini, nikageuza uso pembeni. Kwa hiyo aliyewahesabu ni yeye, si sisi.

Kisha akauliza swali ambalo mpaka leo naliheshimu. Ng'ombe hawa wamekaa na mtu mwingine miaka kumi na moja. Mwenyewe huwachungi, huwakamui, hata jina lako halimo kwenye daftari la kijiji. Sasa ng'ombe wanaoishi vizuri bila wewe watakurudishaje?

Mkalimani alitafsiri kwa sauti ya kuomba radhi.

"Mwambie hawatanirudisha," nikasema. "Mwambie kuna mzee alikuwa na heshima yake kijijini, akaivua mbele ya wakwe zake ili mimi nimwone binti yangu anajifungua. Sasa mwanawe hataoa mpaka nisimame pale nami niulizwe. Nisiporudi, yule kijana anabaki kapera na babake anabaki mwongo. Mimi nitakula vipi huko?"

Mkalimani alitafsiri vizuri, nilimfuatilia, aliacha tu neno kapera. Afisa aliuliza harusi ni lini. Nikasema baada ya mavuno. Akauliza mavuno ni lini. Nikasema inategemea mvua. Akaandika kitu kirefu.

Nilipotoka, kibuyu kilikuwa chepesi. Mama wa mihogo alisema alionja kidogo aone kama hauharibiki na jua, na mwenzake wa maji ya kunywa naye alionja ahakikishe. Akanipa mihogo na pilipili bila kunidai, tukamalizia uliobaki pale pale kivulini.

Baada ya siku kumi na saba walijibu kwa sentensi moja. Niende, nina miezi sita.

Ng'ambo na kurudi

Nilikuwepo. Ester alinishika mkono usiku kucha mpaka vidole vikafa ganzi, na mtoto akatoka analia kwa sauti ya babu yake. Ni msichana. Nilimwogesha, nilimkanda Ester, nilipika uji wa unga niliobeba, na siku arobaini zilipita mimi nikihesabu pumzi za mtoto kama mtu asiye na kazi.

Mtoto alipofika miezi miwili na nusu, Mzee Shabani akapiga simu. Mavuno yamekwisha, siku imepangwa. Ester alikuwa anasikia. Akasema, "Mama, muda wako bado upo. Kaa. Watapanga siku nyingine." Mtoto alikuwa amelala kifuani kwangu, na alikuwa ameanza kunijua harufu.

Nitawaambia kweli kwa sababu ninyi ni wenzangu. Nilitaka kukaa. Si mpaka miezi sita tu. Nilitaka kukaa mpaka aitwe darasani jina lake. Nililala siku tatu nikimwomba Mungu Hamisi na mchumba wake wagombane. Hawakugombana, wanapendana sana wale. Siku ya nne nikafunga begi, Ester akalia uwanja wa ndege, nami nikamwambia asilie mtoto ataamka.

Siku ya mahari nilikaa mkekani pamoja na wanawake, nyumbani kwa Mzee Shabani. Ng'ombe waliochaguliwa wakatolewa zizini, na yule mwekundu mwenye doa usoni alikuwa wa mbele. Mzee Rajabu akasimama, akaniita mbele ya watu wote, akauliza kwa sauti, "Mama Ester, ng'ombe hawa, una neno?"

Mtendaji, aliyeiandika ile barua kwa mkono wake, alikuwa ameinamia sahani yake. Mzee Shabani alikuwa anaangalia miguu yake.

"Ng'ombe ni wa Mzee Shabani," nikasema. "Mimi nimekuja kula."

Wakapiga vigelegele. Mzee Rajabu akakubali kwa kichwa, akafunga jambo. Mimi nikaenda nyuma ya nyumba nikalia, kwa sababu siku hiyo mjukuu wangu alikuwa anatimiza miezi mitatu. Wanawake wa pale walidhani namlilia bibi harusi. Mmoja akanifuta uso kwa kanga yake, akaniambia nisihofu, binti amepata mtu mwema, ataishi vizuri aendako. Nikamshika mkono, nikamwambia ndiyo, ataishi vizuri.